Mtunza Hesabu Anauza Nini? Mwongozo wa Kuandika Maelezo ya Huduma

Maelezo ya huduma ni maneno yanayomwambia mteja kazi gani itafanyika, atapokea nini mkononi, siku gani, na kwa bei ipi. Kwa anayefungua biashara ya kutunza vitabu vya hesabu, maneno hayo hukaa mahali pengi: bango la mlangoni, kadi ya biashara, ukurasa wa WhatsApp Business, barua ya kuomba kazi, ankara, na mwishowe mkataba. Mwongozo huu unahusu zaidi Tanzania Bara, pamoja na nyongeza fupi kwa walioko Zanzibar na Kenya.

Kwa nini maelezo yatangulie bango

Fundi cherehani hutundika gauni dirishani, mpita njia akajua kinachouzwa. Kazi ya hesabu haitundikwi. Mwenye duka haoni leja wala urari. Anachokiona ni matokeo: ritani imekwenda kwa wakati, afisa mikopo wa benki amekubali karatasi alizopelekewa, au barua ya faini imefika. Ndiyo maana mtunza hesabu hana budi kuyaweka matokeo hayo katika maneno kabla hajaanza kutafuta wateja.

Wengi huanza na sentensi ya aina hii: "Tunatoa huduma zote za uhasibu, kodi na ushauri wa biashara kwa bei nafuu." Ubaya wake si kwamba imezoeleka. Kwanza, haimwambii mteja chochote anachoweza kukishika. Pili, maneno "uhasibu" na "ushauri wa kodi" yanagusa kazi zenye usajili wa kisheria, na huenda mwandishi wake hana usajili huo. Tatu, na hili ndilo huumiza zaidi baadaye, neno "zote" halina mpaka. Mteja aliyelipia "zote" ana haki ya kutarajia kwamba mtu huyo atashughulika na mkaguzi, TRA, NSSF, halmashauri na hata mgogoro na mwenye nyumba kuhusu kodi ya zuio, kwa ada ileile ya mwezi.

Maelezo ya leo kwenye bango ndiyo yatakayosomwa siku ya kutoelewana. Yaandikwe kwa kuifikiria siku hiyo.

Majina yenye uzito wa kisheria

Katika kazi hii baadhi ya majina hayachukuliwi tu kwa kupendeza. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, inafanya kazi chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1972, ambayo sasa ni Sura ya 286. Bodi husajili watu katika ngazi tofauti, na kila ngazi ina ruhusa zake. Mamlaka ya Mapato, TRA, nayo ina orodha yake ya washauri wa kodi waliosajiliwa, na mamlaka hiyo inatokana na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015.

> KISANDUKU: Maneno ya kuchunga
>
> Ukaguzi, mkaguzi wa hesabu. Kazi ya mwenye CPA-PP, yaani mhasibu aliyeidhinishwa kutoa huduma kwa umma. Asiye na idhini hiyo asilitumie neno hili hata kwa maana nyepesi. Kama kazi ni kuhesabu bidhaa za stoo, iandikwe "kuhesabu mali ya stoo", si "ukaguzi wa stoo".
>
> Mhasibu. Cheo kinachokwenda na usajili wa NBAA. Mwenye diploma au shahada ambaye hajasajiliwa ajitambulishe kwa kazi anayoifanya: "tunatunza vitabu vya hesabu", "tunaandaa taarifa za mwezi".
>
> Mshauri wa kodi. Aliyesajiliwa na TRA. Kuandaa takwimu zitakazoingia kwenye ritani ni jambo moja. Kumshauri mlipakodi na kumwakilisha mbele ya mamlaka ni jambo jingine.
>
> Hesabu zilizothibitishwa. Hesabu za kampuni zinazoambatana na ritani ya mwaka huthibitishwa na CPA-PP. Mtunza hesabu huzitayarisha. Mhuri si wake.

Kabla ya kuchapisha chochote, rasimu ya maelezo ipelekwe NBAA ikiambatana na swali moja la wazi: kwa ngazi ya usajili niliyo nayo, naruhusiwa kuuzia umma kazi zipi kati ya hizi? Jibu liombwe kwa maandishi. Kwa kipengele chochote kinachogusa kodi, swali kama hilo liende TRA. Siku chache zinazopotea hapa ni nafuu kuliko kung'oa bango.

Kwa waliosajiliwa kuna jambo jingine. Maadili ya kimataifa ya taaluma, ambayo NBAA imeyakubali, yanakataza kutia chumvi katika matangazo na kuponda kazi za wenzao. "Acha kuibiwa na wahasibu wa mtaani" ni tangazo linaloweza kuvuta macho, ila mwanataaluma haruhusiwi kulitundika.

Kuikata kazi vipande

Kazi ya vitabu ni mnyororo mrefu. Mtu akiuandika wote kwa neno moja, "utunzaji wa hesabu", hataweza kuupangia bei wala kuuwekea mpaka. Vipande vyake vya kawaida ni hivi:

1. Kukusanya nyaraka: risiti, ankara, hati za benki, taarifa za miamala ya simu.
2. Kuingiza miamala kwenye vitabu au programu na kuipanga kwa aina ya mapato na matumizi.
3. Kulinganisha vitabu na fedha halisi: benki, lipa namba, kasha.
4. Kufuatilia wadaiwa na wadai.
5. Kuandaa mishahara na makato yake: PAYE, NSSF, WCF, na SDL kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi.
6. Kuandaa takwimu za ritani.
7. Kutoa taarifa ya mwezi kwa mwenye biashara.
8. Kufunga hesabu za mwaka na kuzikabidhi kwa mkaguzi.

Vipande vingi hapo havihitaji ufafanuzi. Cha 3 kinahitaji, kwa sababu ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote na ndicho wanaoanza hukitaja kwa maneno mawili, "usuluhishi wa benki", ambayo mwenye duka hayaelewi wala hayamgusi.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa duka la vifaa vya ujenzi, hadiwea ya kawaida ya Mbagala. Lina mashine ya EFD ya kukatia risiti, lipa namba mbili za mitandao tofauti, na akaunti moja ya benki ambamo mafundi wakubwa hulipia moja kwa moja. Mwezi huo duka halikukopesha mtu. Ripoti ya EFD inasema mauzo ni shilingi 14,200,000. Fedha zilizoingia ni 9,100,000 kwa lipa namba, 3,000,000 benki na 3,400,000 taslimu, jumla 15,500,000. Kuna 1,300,000 za ziada, na mwenye duka anafurahi tu kwamba "mwezi umekwenda vizuri".

Mtunza hesabu anapokaa na taarifa za miamala mstari kwa mstari, ziada hiyo inagawanyika. Shilingi 800,000 ni deni la fundi aliyechukua nondo na saruji miezi miwili nyuma. Risiti yake ilikatwa siku ile ya kuchukua. Shilingi 350,000 ni michango ya harusi ya mdogo wake mwenye duka, iliyotumwa na ndugu kwenye lipa namba ya duka kwa kuwa ndiyo namba waliyokuwa nayo. Shilingi 150,000 ni mauzo ambayo kijana wa kaunta hakuyakatia risiti. Tarakimu moja imezaa mambo matatu tofauti: ya kwanza ni ya daftari la wadaiwa, ya pili haihusiani na biashara kabisa, na ya tatu ni kosa la kisheria linalopaswa kusahihishwa mara moja, kabla halijaonwa na mtu mwingine.

Sasa kipande hicho kinaandikika hivi: *Kila mwezi tunalinganisha mauzo ya EFD na fedha zilizoingia benki, kwenye lipa namba na kwenye kasha, kisha tunakupa orodha ya kila tofauti na sababu yake.* Mwenye hadiwea akisoma sentensi hiyo anajiona mwenyewe ndani yake.

Duka hilohilo linaonyesha huduma nyingine ambayo ni nadra kuikuta kwenye matangazo. Kwa kasi ya milioni 14.2 kwa mwezi, mauzo ya mwaka yatakuwa kama milioni 170. Hiyo ni juu ya milioni 100, kikomo cha mfanyabiashara binafsi kulipa kodi kwa makadirio ya mauzo, kwa hiyo anatakiwa kuandaa hesabu. Wakati huohuo ni chini ya milioni 200, kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT tangu Julai 2023, lakini si mbali nacho. Sentensi "tunafuatilia mauzo yako ya miezi 12 na kukujulisha mapema unapokaribia kiwango cha VAT" haimgharimu mtunza hesabu zaidi ya dakika chache kwa mwezi, na kwa mwenye biashara inayokua ni kinga kubwa.

Hatua za kuandika

*Hatua ya 1. Chagua aina ya mteja, si wateja wote.* Hadiwea, duka la dawa, shule binafsi, asasi inayopokea ruzuku, chama cha ushirika wa mazao na mwenye malori vyote vinahitaji vitabu, lakini havina shida moja. Asasi inataka kumthibitishia mfadhili kwamba fedha za mradi huu hazikuingia kwenye mradi ule. Mwenye malori anataka kujua gari lipi linakula mafuta kuliko linachoingiza. Anayeanza achague aina mbili, au tatu zikizidi, ambazo anazijua kwa kuwahi kufanya kazi humo.

*Hatua ya 2. Sikiliza maneno yao.* Zungumza na wafanyabiashara kadhaa wa aina hiyo na uandike wanavyoitaja shida yao, neno kwa neno. Wafanyabiashara wengi husema "nifungie hesabu", "niwekee sawa mambo ya TRA", "sijui hela inaenda wapi". Kichwa cha kila huduma kitokane na kauli hizo. Istilahi za chuoni zibaki kwenye mkataba.

*Hatua ya 3. Pitia vipande vinane na uchague.* Weka alama tatu: naweza na naruhusiwa, naweza ila siruhusiwi peke yangu, siwezi. Kundi la kwanza ndilo linaloingia kwenye maelezo. Kundi la pili liandikwe tu kama kuna makubaliano na mtu mwenye idhini, na mteja aambiwe wazi kwamba kazi hiyo inafanywa na nani.

*Hatua ya 4. Andika kila huduma kwa sentensi yenye mambo manne:* kitu ambacho mteja atapokea, siku atakayokipokea, nyaraka ambazo yeye lazima alete kwanza, na mahali kazi inapoishia.

*Hatua ya 5. Rudi nyuma kutoka tarehe za serikali.* PAYE na SDL ni ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Awamu za makadirio ya kodi ya mapato, kwa anayefunga mwaka Desemba, ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kama ritani ni tarehe 20 na kazi huchukua siku nane, nyaraka za mteja zifike kabla ya tarehe 10. Tarehe hiyo ya mteja iandikwe kwa wino uleule unaoandika ahadi ya mtunza hesabu.

*Hatua ya 6. Mpe msomaji asiyejua hesabu.* Asome peke yake, kisha aulizwe: ukilipa, utapata nini na lini? Akisitasita, sentensi irudiwe. Jirani mwenye duka anafaa zaidi kuliko mwenzako wa chuoni, kwa sababu mwenzako ataelewa hata kilichoandikwa vibaya.

Kabla na baada

*Kabla:* "Payroll na statutory kwa kampuni ndogo na za kati."

*Baada:* "Mishahara ya wafanyakazi hadi 15. Tukipata mahudhurio na mabadiliko yote kufikia tarehe 25, tarehe 28 utapokea orodha ya malipo, hati ya mshahara ya kila mfanyakazi, na jedwali la PAYE, NSSF, WCF, na SDL inapohusika, pamoja na tarehe ya mwisho ya kulipa kila moja. Malipo unayafanya wewe."

*Kabla:* "Tunaandaa vitabu vya kisasa kwa kutumia kompyuta."

*Baada:* "Kila tarehe 12 utapokea ukurasa mmoja unaoonyesha mauzo, matumizi, faida ya mwezi uliopita, nani anakudai na nani unamdai. Hati za benki na za simu zitufikie kabla ya tarehe 5."

*Kabla:* "Tunatunza kumbukumbu zako kwa usalama."

*Baada:* "Risiti zote za EFD tunazipiga picha na kuzihifadhi kwa mwezi na kwa muuzaji. Karatasi za mashine hufutika wino, na sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5."

Mfano wa mwisho unaeleza pia kwa nini, jambo ambalo maelezo mengi huliacha. Mwenye duka anayetunza risiti kwenye mfuko wa rambo juu ya friji hajui kwamba mwaka wa tatu atakuta karatasi nyeupe. Akishaambiwa sababu, bei ya huduma haimshangazi.

Bei ndani ya maelezo

Bango halihitaji bei, lakini karatasi ya maelezo inahitaji angalau kipimo chake. Kipimo kinachoeleweka kwa pande zote ni idadi ya miamala: kifurushi cha hadi miamala 150 kwa mwezi, kingine hadi 400, na juu ya hapo makubaliano. Kupanga bei kwa "ukubwa wa biashara" huleta ubishi, maana kila mwenye biashara hujiona mdogo siku ya kulipa.

Malimbikizo yatengwe. Mteja wa kwanza wa karibu kila mtunza hesabu huja na miezi kadhaa, pengine miaka miwili, isiyoandikwa. Hiyo ni kazi ya mara moja yenye bei yake, na iandikwe hivyo: "Kusafisha miezi ya nyuma: bei hutolewa baada ya kuona nyaraka." Anayeimeza kazi hiyo ndani ya ada ya mwezi hufanya kazi bure robo nzima ya mwaka, huku kazi ya mwezi unaoendelea ikichelewa.

Mambo mawili ya kisheria husahaulika hapa. Wateja walio kampuni hukata asilimia 5 ya ada ya huduma kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Maelezo yaseme kwamba bei ni kabla ya makato hayo, na mteja atoe cheti cha zuio. Pia kanuni zilizotolewa Machi 2025 chini ya sheria ya Benki Kuu zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Bei ziandikwe kwa shilingi, hata pale mteja ni asasi inayopokea ruzuku kwa dola.

Tarehe na viwango vya kodi vyenyewe visichapishwe kwenye bango wala kadi. Sheria ya Fedha huja na mabadiliko kila Julai. Waliochapisha "VAT kuanzia milioni 100" walilazimika kutupa vipeperushi vyao katikati ya 2023. Mahali pa tarehe na viwango hivyo ni karatasi inayoweza kuchapwa upya au ujumbe wa WhatsApp.

Mipaka, na maswali ya kwenye simu

Mazungumzo haya, au yanayofanana nayo, humkuta kila mtoa huduma:

"Dada, hiyo laki mbili na nusu, na kwenda TRA imo?"

"Kuandaa takwimu za ritani imo, kaka. Kwenda ofisini kwao kujibu barua ni kazi ya mshauri wa kodi. Nitakuunganisha naye, mtaelewana bei."

"Na faini ikija?"

"Ikija kwa sababu sisi tulichelewa na nyaraka zako zilifika kwa wakati, tutaibeba. Zikichelewa kufika, ni ya kwako."

Mwenye majibu hayo mdomoni ayaweke pia kwenye karatasi. Kila karatasi ya maelezo iwe na sehemu yenye kichwa "Visivyomo", na sehemu hiyo isifichwe kwa maandishi madogo. Vinavyopaswa kuwemo humo kwa kawaida ni ukaguzi, uwakilishi mbele ya mamlaka, malimbikizo, kufuatilia leseni, na kulipa kodi kwa niaba ya mteja.

> ONYO: Fedha za kodi za mteja
>
> Mteja huzoea kusema, "Nakutumia hela, nilipie." Kodi za serikali hulipwa kwa namba ya malipo, kontroo namba, na mteja anaweza kuilipa mwenyewe benki au kwa simu. Mtunza hesabu atoe namba hiyo na kupokea nakala ya uthibitisho, basi. Fedha ya kodi ikishapita kwenye simu yake, siku mtandao ukisumbua au tarehe ikapita, hana namna rahisi ya kuthibitisha kwamba hakuitumia. Maelezo ya huduma yaseme tangu mwanzo: hatupokei fedha za kodi.

Neno la siri la mteja kwenye mfumo wa TRA ni suala la aina hiyohiyo. Maelezo yataje nani anaingiza takwimu na nani anabonyeza kitufe cha kuwasilisha.

Kwa anayeandaa mishahara, majina, akaunti za benki na namba za NIDA za wafanyakazi ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sentensi moja inatosha kwenye maelezo: taarifa zinatumika kwa kazi gani, zinawekwa wapi, na nani anaziona. Kuweka picha ya jedwali la mishahara la mteja kwenye status ya WhatsApp kama "sampuli ya kazi zetu", hata majina yakifunikwa kwa rangi, ni njia ya haraka ya kumpoteza mteja huyo na wote anaofahamiana nao.

Makosa yanayojirudia

Kubwa ni kuahidi kupunguza kodi. "Tunakupunguzia kodi" ni ahadi ambayo mtunza hesabu hana uwezo nayo. Kodi hutokana na sheria na mauzo ya mteja. Mbaya zaidi, huvuta wateja wanaotaka vitabu viwili, kimoja cha TRA na kimoja cha kweli. Kinachoweza kuahidiwa ni kwamba matumizi yote yenye risiti halali yataonekana vitabuni na hakuna tarehe itakayopita. Mara nyingi hilo peke yake hupunguza mzigo, bila kulitamka.

Kosa jingine ni kujiita "kampuni" wakati kilichosajiliwa BRELA ni jina la biashara tu. Mteja mwenye mwanasheria hulibaini siku ya mkataba.

Wapo pia wanaoorodhesha programu zote wanazozijua mpaka huduma yenyewe haionekani. Mteja anayeijua programu fulani atauliza; asiyeijua hanunui programu. Itajwe moja inayotumika, pamoja na jibu la swali muhimu zaidi: tukiachana, vitabu vyangu nitavipata kwa umbo gani?

Kuna kunakili maelezo ya ofisi kubwa za kimataifa na kuyatafsiri. Ofisi hizo huongea na wakurugenzi wa fedha. Muuza dawa wa Tandika si mmoja wao.

Na kuna kosa la kutaka kutunza vitabu na pia kuvikagua. Hata mwenye CPA-PP huzuiwa na maadili ya taaluma kukagua hesabu alizoziandika mwenyewe, kwa kuwa hakuna anayeona vizuri kosa la mkono wake. Karatasi inayotangaza vyote viwili kwa mteja yuleyule humtia shaka afisa wa benki anayejua kazi yake.

Zanzibar na Kenya

Zanzibar ina mamlaka yake ya mapato, ZRA, inayosimamia VAT ya ndani, huku kodi ya mapato ikibaki kwa TRA. Hifadhi ya jamii kwa wengi ni ZSSF. Kwa hiyo sentensi "tunaandaa ritani zote za TRA", iliyonakiliwa kutoka Dar es Salaam, kwa mwenye hoteli ndogo ya Paje itaiacha VAT nje bila mtu kukusudia. Kila mamlaka itajwe kwa jina lake.

Kenya, usajili wa wahasibu uko chini ya ICPAK kwa Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, na KRA ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala wa kodi. Mahali pa EFD, maelezo yataje eTIMS. PAYE huko ni tarehe 9, si 7. Mtunza hesabu wa Namanga mwenye wateja pande zote mbili za mpaka aandike karatasi mbili.

Orodha ya kuhakiki kabla ya kuchapisha

☐ Kila jina la cheo lililotumika lina usajili wake, na namba ya usajili imeandikwa.
☐ NBAA, na TRA inapohusika, wameulizwa kwa maandishi.
☐ Aina ya mteja imetajwa.
☐ Kila huduma inasema kinachopokelewa, siku, nyaraka za kuletwa na mwisho wa kazi.
☐ Tarehe za mteja zinaacha nafasi kabla ya tarehe za serikali.
☐ Malimbikizo yana bei yake.
☐ Bei ni kwa shilingi, na kodi ya zuio imetajwa.
☐ Sehemu ya "Visivyomo" ipo na inasomeka.
☐ Hakuna ahadi ya kupunguza kodi wala kupokea fedha za kodi.
☐ Ulinzi wa taarifa za wafanyakazi umetajwa.
☐ Mtu asiyejua hesabu amesoma na kueleza kwa maneno yake atakachopata.

Lini kuandika upya

Maelezo yapitiwe mara mbili kwa mwaka: Julai, Sheria ya Fedha inapoanza kutumika, na Januari, kabla wateja hawajaanza kufunga mwaka. Kati ya vipindi hivyo, daftari dogo la maswali ya wateja liwe karibu na simu. Swali lililoulizwa na wateja watatu tofauti linaonyesha sentensi inayokosekana, na toleo linalofuata liijaze. Toleo jipya lipewe tarehe, na wateja wa zamani wapelekewe nakala yenye alama mahali palipobadilika. Mkataba wao unaendelea kufuata toleo walilosaini mpaka wasaini jipya.